Mguu Nje, Mtu Ndani

Vijana wa hospitali wamenishika shati. Wanasema, mzee, umeshaagwa, biriani umeshakula na picha umeshapigwa, sasa kaa chini utuandikie ilivyokuwa zamani, wakati dresa, mfunga vidonda, ndiye daktari, ndiye mkunga na ndiye mfagizi. Nimekubali kwa sharti moja. Vyeo na mishahara sitavitaja, kwa kuwa vyeo vilikuja kwa kujikokota na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika habari za dispensari yangu ya kwanza, kaskazini ya Pemba, mwishoni mwa miaka ya hamsini na mwanzoni mwa sitini, na habari za mguu mmoja. Msingoje fundisho. Mguu ule nimeufikiria miaka yote hii na bado unanichanganya.

Mimi ni Mkristo wa Pemba, kitu ambacho hata Wapemba wenyewe hukisahau. Babu yangu alitoka bara akapata pa kukaa kwenye shamba la misheni upande wa Chake, si mbali na Pujini. Baba alizaliwa hapo, na mimi vilevile. Nilibatizwa Yohana. Nilipofika kaskazini wagonjwa waliniuliza jina, wakaligeuzageuza mdomoni, kisha wakaamua kuniita Dresa Yahya. Sikubisha. Mtu aliyekuja na kidonda si wa kubishana naye jina.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Bwana Makame, mwenyeji wa Micheweni, mwembamba, mvuta sigara, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi kuliko wote niliowahi kuwaona. Siku ya kwanza hakunionyesha dawa hata moja. Alinikalisha mbele ya mtu mwenye donda ndugu kwenye ugoko, akaniamuru nifumbe macho.

"Nusa," akasema.

Nikanusa. Nusura nimtapikie mgonjwa.

"Hiyo ndiyo harufu ya leo. Kesho utanusa tena. Ikiwa kali zaidi, tumekosea. Ikipungua, tuko njiani. Macho hudanganya, kidonda chaweza kuwa chekundu kizuri juu na chini kinaoza. Pua haijapata kunidanganya."

Mpaka nastaafu, nikizungukwa na mashine na karatasi za maabara, niliendelea kuinamia vidonda na kunusa, na wauguzi wadogo wakitazamana. Nilikuwa nawaona.

Vidonda kule vilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Ardhi ya huko ni mawe makali ya matumbawe, na watu hupanda mtama kwenye mianya ya mawe. Mtu akiteleza, jiwe linamkwangua ugoko. Anapaka majani, inzi wanatua, na baada ya muda donda limekula nyama mpaka mfupa unachungulia. Dawa zetu hazikuwa nyingi: maji ya dawa ya zambarau, iodini, shashi, sindano za penisilini zilipopatikana, na subira. Donda la namna ile lilitaka kuoshwa kila siku. Ukikosa siku mbili tatu, umerudi ulikoanzia.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, sindano na koleo zilichemshwa katika sufuria juu ya stovu. Sheria ya Makame ilikuwa kwamba zichemke mpaka yeye amalize kahawa yake na sigara yake, na alikuwa mtu asiye na haraka na vyote viwili. Muda huo mimi sikuwa na la kufanya ila kukaa kando ya sufuria nisiache maji yakauke. Hapo ndipo nilipoanza kusoma.

Aliyenianzisha ni Padre Elia, Mbondei mmoja mnene aliyekuwa akitutembelea Wakristo wachache wa kaskazini kwa baiskeli iliyokuwa ikimlalamikia njia nzima. Aliniuliza kama nasoma Injili. Nikamjibu kwa majivuno kuwa naijua karibu yote kwa moyo.

"Unaijua kama unavyojua majina ya dawa," akasema. "Mimi nakuuliza habari ya mtu mwenyewe. Yukoje? Tabia yake ikoje?"

Nikaanza kumtajia: mpole, mnyenyekevu, mwenye huruma. Akanipungia mkono nikome.

"Hizo ni sifa. Mtu humjui kwa kusifiwa, unamjua akiwa kazini. Basi msome akiwa kazini. Habari moja kwa siku, usizidishe. Kisha siku nzima ujiulize, angekuwa hapa dispensarini angefanya nini? Ukiweza, ufanye. Siku nikirudi nitakuuliza swali lilelile."

Nikaona ni kazi nyepesi. Habari moja, sufuria moja. Nilidhani mpaka Krismasi nitakuwa na jibu la kumpa.

Nilianza kuharibu mapema. Asubuhi moja nilisoma ile habari ya mgonjwa aliyekuwa amelala miaka mingi kando ya birika la maji, naye yule mtu wa Injili akamwuliza kwanza kama anataka kuwa mzima. Lilinigusa sana swali lile. Nikasema, tazama heshima hiyo, hamshiki mtu mpaka amwulize. Mgonjwa wa kwanza siku hiyo alikuwa bibi mmoja wa Shumba, kaja kwa miguu, kajifunga kanga kichwani, jicho limevimba kama limao. Nikamwinamia kwa upole wote niliokuwa nao.

"Bibi, wataka kupona?"

Akanitazama kwa lile jicho moja lililobaki.

"Mie n'tokea Shumba kwa miguu na jua lino, weye waniuliza nataka kupona? Kwani kuna mtu ataka kuoza? Makame! Makame we! Nani kaniletea mtoto huyu?"

Baraza zima likacheka. Makame alinivuta ndani, akaniuliza nimekula nini. Nikamweleza kuhusu sufuria na padre. Alitikisa kichwa na kusema kuwa kwa miaka yake yote kazini ameona madresa walioharibiwa na pombe na walioharibiwa na wanawake, lakini aliyeharibiwa na kusoma mimi ndiye wa kwanza.

Sikuacha, ila nilianza kuchanganyikiwa. Nikisoma leo kwamba alimgusa mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumgusa, nasema nimeshamjua. Kesho nakuta wagonjwa wamejaa mlangoni wanamtafuta naye kajiondokea zake kwenda kusali peke yake. Jaribu wewe kuifunga dispensari uende kusali, uone. Keshokutwa anapindua meza za watu. Siku nyingine rafiki yake yuko taabani, anapelekewa habari, naye anakaa palepale alipo siku mbili nzima. Siku mbili! Kwa donda ndugu siku mbili ni mguu.

Iliyonikata maini ni ile ya mama mgeni, asiye wa kabila lao, aliyemfuata akimlilia binti yake mgonjwa, naye akamjibu kuwa si vyema kuchukua chakula cha watoto kuwapa mbwa. Nilikuwa nimeisikia kanisani mara nyingi, lakini kanisani mtu husikia huku anawaza mambo mengine. Peke yangu kando ya stovu niliisikia kwa sikio la babu yangu, aliyeitwa mengi katika kisiwa hiki. Nilikasirika mpaka maji yakakauka na sindano mbili zikaungua. Makame alipoingia na kunusa, ilinibidi nimwambie sababu.

"Kwetu sie Nabii Isa hana ukali huo," akasema taratibu, kwa namna ya mtu anayekupa pole. "Sasa nyie mwampendea nini?"

Nikaenda kuazima sindano nyingine.

Zama za siasa zikatukuta katika hali hiyo. Nyinyi vijana mmesimuliwa, lakini kusimuliwa si kuona. Vyama viliingia mpaka kwenye chungu. Watu waliokuwa wakilima pamoja waliacha kusalimiana, mtu hanunui kwenye duka la upande wa pili, haendi kwenye maziko ya jirani. Kwenye baraza ya dispensari wagonjwa waligawana benchi, wa huku hawa na wa kule wale, na katikati pakabaki pengo ambalo hakuna aliyekaa hata kama amezidiwa. Mtungi wa maji ulikuwa mmoja, kwa hiyo wengine walikaa na kiu. Bwana Makame alikuwa na upande wake na hakuuficha, bendera aliifunga kwenye baiskeli. Mimi sikuulizwa. Nilihesabiwa upande kwa sababu ya mahali alikotoka babu yangu, basi.

Yakaanza maneno kwamba Makame huwapa watu wa upande wa pili maji matupu kwenye sindano. Nilifanya kazi naye bega kwa bega na sijapata kumwona akifanya hivyo. Lakini maneno ya namna hiyo hayangoji shahidi.

Tulikuwa na mgonjwa mmoja, Mzee Faki, mjane, akikaa kwa binti yake Time na mkwewe Hamad. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya konde za mtama, mwendo mfupi kutoka kwetu. Alikuwa na donda ugokoni ambalo tulihangaika nalo muda mrefu, na harufu ilikuwa imeanza kupungua. Ghafla akaacha kuja. Siku ya kwanza nilidhani ni mvua. Siku ya pili nikamwuliza Makame.

"Hamad kala kiapo," akasema.

Hamad alikuwa kijana mchapakazi, mkali wa chama chake, na siku ya kiapo alikuwa amegombana na Makame dukani mbele ya watu. Akarudi nyumbani moto unamwaka, akasimama uani na kuapa kwa sauti, majirani wakisikia, kwamba mtu yeyote wa nyumba yake akitoka mlango ule kwenda kutibiwa na watu wa dispensari, au mtu wa dispensari akiingia mlango ule, basi Time ameachika kwa talaka tatu. Kiapo cha namna hiyo si mchezo. Talaka tatu haina marejeo mpaka mwanamke kwanza aolewe na mwingine na kuachwa. Time alikuwa na watoto wake mle ndani na baba yake mgonjwa, na hakuwa na nyumba nyingine duniani. Hasira hasara, lakini hasara iliandikwa kwa jina lake yeye.

"Basi mguu wa yule mzee?" nikauliza.

"Asotaka dawa asije," akasema Makame. Ila niliona kuwa kahawa yake hakuimaliza.

Nilikwenda. Kabla ya kwenda nilichemsha sufuria na kusoma, nikitumaini nitakuta jambo la kunielekeza. Nikakuta kwamba alimponya mtu siku ya mapumziko, sheria ikikataza, mbele ya watu waliokuwa wakimvizia. Nikasema haya, leo nimepata. Angeingia tu. Mtu anaoza mle ndani, kiapo kitu gani? Nilitembea nikiwa nimeshaamua. Nilipofika mlangoni nikapiga hodi, na kabla sijajibiwa nikamsikia Time ndani akimnyamazisha mtoto. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshikwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ni mimi. Mkono wangu uliokuwa umenyanyuka kusukuma mlango ukashuka. Nikiingia nitauponya mguu wa baba na kuivunja nyumba ya mtoto. Mbona huyo wa kwenye Injili hakuwahi kuwekewa mtego kama huu? Au aliwekewa, nami sikusoma vizuri?

Hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa mtu hugeuka. Nikapiga tatu, nikageuka, na nikarudi na vifaa vyangu nikiona uchungu na haya. Kesho yake nikafanya vilevile. Watu wakanicheka kondeni.

Siku iliyofuata nilikuwa nimeshamaliza hodi ya tatu na kugeuka nilipoisikia sauti ya Mzee Faki.

"Dresa! Hapo ulipo pana kivuli?"

"Kipo kidogo, mzee."

"Basi kaa."

Mlango ukafunguka nusu. Pazia likasogea, na chini ya pazia ukatoka mguu. Mguu peke yake, umefungwa majani ya mbaazi, ukanyooka juu ya kizingiti mpaka donda likawa nje kabisa. Mwenyewe alikuwa amekaa ndani, simwoni uso.

"Mzee, kiapo je?"

"Mie sijatoka. Mtu yuko pale alipokalia, na mie n'kalia mkeka wangu humu ndani. Na weye hujaingia. N'shamwuliza Shehe, kacheka, ila hakukataa."

Nikainama, nikanusa. Ilikuwa mbaya mno. Nikaanza kuosha. Nilikuwa nikifuta machozi kwa bega kwa kuwa mikono ilikuwa na dawa, nikifurahi kuwa pazia limeshuka. Alipozidiwa na maumivu akasema kwa meno yaliyoumana, "N'simulie kitu. Lolote. N'sahau mguu."

Sikuwa na hadithi kichwani ila niliyoisoma asubuhi. Nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kisha hao waliokuwa wakimvizia, aliwafanya nini?" Nikamwambia hakuwafanya kitu. "Haya," akasema, na mguu ukarudi ndani.

Hivyo ndivyo tulivyoendelea. Kila siku hodi tatu, kisha mguu, na nikishaanza kuosha sauti inatoka nyuma ya pazia: "Leo kafanya nini huyo mtu wako?" Sikumhubiria na wala hakuniomba nimhubirie. Yeye alikuwa na Nabii Isa wake tangu chuo cha Kurani, aliyefinyanga ndege wa udongo akampulizia akaruka, na alinisimulia hilo vizuri kuliko nilivyomsimulia mimi. Alitaka tu kujua habari ya kila siku, na aliipima kama mtu anayempima mchumba wa binti yake. Ya meza zilizopinduliwa ilimpendeza sana. Ya siku mbili za kukawia ilimchukiza. Ya mama mgeni niliogopa kumsimulia, nikamsimulia kwa kuwa siku hiyo donda lilikuwa linauma zaidi.

"Kanisani wanasema alikuwa anamjaribu tu," nikamwambia.

"Hapana," akasema Mzee Faki. "Alikuwa hataki. Mama akamjibu vizuri, akataka. Kwani ubaya uko wapi? Mie nami n'likuwa sitaki binti yangu aolewe na Hamad."

Ndani mtu akakohoa. Hapo ndipo nilipojua kuwa Hamad huwa yupo nyuma ya pazia. Alikuwa akitusikiliza siku zote zile. Kwangu nilihesabu hilo kuwa tishio. Nilitazamia kuwa siku moja atatoka na panga.

Kila asubuhi kabla ya safari yangu nilikuta shashi imekatwa na kukunjwa tayari, pamoja na chupa ya iodini, na mkunjo ule ulikuwa wa Makame. Nilimpa maendeleo ya harufu naye akinisikiliza huku ameuangalia ukuta. Harufu ikapungua, ikapungua tena, nyama ikapanda kutoka chini kama inavyotakiwa, ngozi ikaanza kujongea pembeni. Kuna asubuhi niliyoinama nikanusa nikakosa kitu. Nilikaa pale nikinusa mguu wa mzee wa watu kwa furaha. Mpita njia angeniona angesema Dresa Yahya kichaa kimemwingia sawasawa.

Siku si nyingi baada ya hapo Time alitokea konde ya mtama, kwenye mpaka wa dispensari, akasimama asivuke. Akaniita kwa mkono. Hamad alijikata panga mguuni akifyeka maweni, na kwa kuwa alikuwa amejifungia mlango wake mwenyewe kwa kiapo, alijipaka majani na kunyamaza. Sasa alikuwa na homa, mguu umevimba mpaka gotini.

"Hakunituma," akasema Time. "Ila hakun'kataza."

Nilimwambia Makame. Aliyekuwa amelala kule na homa ni mtu waliyegombana naye mbele ya watu, mtu aliyemzushia, kama si yeye basi wenzake, habari ya maji matupu. Makame alikwenda kabatini, akatoa penisilini ya mwisho tuliyokuwa nayo, akaitia kwenye beseni langu.

Nilipiga hodi. Safari hii haikufika ya pili. Nikasikia kitu kikiburutwa sakafuni, pumzi za mtu anayehema, kisha mlango ukafunguliwa wote na pazia likavutwa kando. Mara ya kwanza tangu kiapo nikauona uso wa Mzee Faki, nao ulikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili. Alikuwa ameshika ncha za mkeka, na juu ya mkeka amelala Hamad, na alikuwa amemburuta kutoka chumba cha nyuma mpaka mlangoni.

Hamad alikuwa na homa kali. Alinitazama kwa muda kama mtu anayetafuta jina langu. Kisha akasema neno ambalo kila mwenye nyumba wa Pemba hulisema bila kufikiri, mgeni akiwa mlangoni juani.

"Karibu ndani, Dresa."

Mguu wangu ulikuwa umeshanyanyuka. Nilikuwa nimesoma mwaka mzima nikingoja mtu aniambie niingie. Na kwetu karibu haikataliwi, kuikataa ni tusi. Nikauona mguu wangu uko hewani juu ya kizingiti, na kwa upande mwingine nikamwona Time, mkono mdomoni, anautazama.

"Usije," akasema. "Dresa, usije."

Nikaurudisha mguu. Nikakaa chini palepale nje, kwenye mchanga. Hamad akakumbuka kiapo chake, na uso wake ukabadilika. Alianza kulia, mtu mzima, kwa sauti. "Nataka aingie," akawa anamwambia mkwewe. "Nataka aingie, na siwezi."

Siku zote nilidhani mlangoni huwa kuna watu wawili, anayebisha na anayekataa kufungua. Huyu wa tatu, anayetaka kufungua na amejifunga mwenyewe, sikumkuta popote kando ya sufuria. Sikujua angeambiwa nini. Nikashika mguu wake, nikanusa, nikaanza kuosha. Nilimpiga sindano yeye akiwa ndani na mimi nje.

Hamad alipotulia akaniuliza, macho yamefumbwa, "Leo kafanya nini?"

"Leo sikusoma," nikamwambia. "Time alinikuta sufuria haijachemka, nikachemsha mbiombio bila kufungua kitabu."

"Basi mie n'tamsimulia," akasema Mzee Faki, na akajikalisha kwenye mkeka. Akaanza habari ya wale watu waliombeba mwenzao aliyepooza, wakakuta nyumba imejaa watu na mlango haupitiki, wakapanda juu wakatoboa paa wakamteremsha. Aliisimulia kama nilivyomsimulia, ila ya kwake ilikuwa na makuti na vumbi na mwenye nyumba akipiga kelele. Kisha akaangalia juu. "Hamad, kiapo chako hakikutaja paa."

Hamad akacheka huku analia, na Time akacheka, na mimi nikacheka mpaka beseni likamwagika.

Padre Elia alikuja baada ya muda, baiskeli yake inalia, akaniuliza swali lake. Yukoje? Nikamwambia sijui, na nikamweleza yote yanayonichanganya, ukali na upole, kuja na kukawia. Mpaka leo sijui. Nyumba ile sikuwahi kuiingia. Hamad alipona, tukawa tunasalimiana hadharani zama ambazo salamu zilikuwa ghali, na mpaka nahamishiwa Weti sijaona kilichokuwa nyuma ya lile pazia zaidi ya mkeka na ukuta. Kiapo cha talaka tatu hakifutwi na majuto. Basi vijana wakiniuliza nilijifunza nini kule, nawaambia kunusa.

Lakini siku ile ya mkeka haikuishia kwenye kicheko. Nilipokwisha funga bendeji nikakusanya vifaa niondoke, Time akaniambia ningoje. Akaenda jikoni, akarudi na sinia ya muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga. Alisimama nayo akitazama huku na huku, kisha akainama na kuiweka juu ya kizingiti, nusu ndani nusu nje. Mzee Faki akajongea, Hamad akainuliwa akaegemezwa ukutani. Time akaninawisha kwa birika, maji yakimwagikia mchangani. Muhogo ulikuwa upande wangu, na samaki walikuwa wamebaki upande wao, ndani ya mlango. Nikala muhogo mtupu.

"Chukua samaki," akasema Hamad.

Nikasita, nikiutazama mstari wa kizingiti chini ya sinia.

"Mkono haukuapiwa, Dresa," akasema Mzee Faki. "Ingiza."

Nikanyoosha mkono, ukaingia.